Bango Huanzia Ukutani: Mhadhara juu ya Kuchagua Programu za Kusanifu Mabango ya Filamu

Vijana wa Kisumu mliokuja hapa jioni hii na kamera zenu mabegani,

Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo kwa sura yake ya nje ni dogo: mtu atengenezaye filamu kwa fedha zake mwenyewe, asiye na kampuni nyuma yake wala mfadhili mbele yake, achague programu ipi ya kompyuta ya kusanifia bango la filamu yake. Ningaliweza kutaja jina moja nikaketi, nanyi mngalirudi makwenu mapema. Lakini kila nilipoulizwa swali hili nimeona kwamba muulizaji huanza na jina la programu kisha akalitafutia kazi, ilhali bango huanzia ukutani. Mtu na ajue kwanza ukuta atakaolibandika, jua litakalolipiga, umbali atakaosimama mpita njia, na mashine itakayolipiga chapa. Akisha kuyajua hayo, uchaguzi wa programu utakuwa umekwisha nusu yake.

Niruhusuni nianze na kisa. Usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama Dunga akaelekeza macho katika Ghuba ya Winam, huziona taa za wavuvi wa omena zimetandaa juu ya maji mithili ya mji uliojengwa ziwani jioni na kubomolewa alfajiri. Binti mmoja wa hapa, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliwapigia wavuvi hao filamu fupi, akakesha nao majini siku kadhaa, na alipomaliza akasanifu bango lake mwenyewe: juu mbingu ya buluu iliyokoza, chini maji meusi, na katikati taa sita za manjano. Katika kioo cha kompyuta yake bango lile lilikuwa na haiba ya kumsimamisha mtu. Akalipeleka katika matbaa moja mjini, akalipia nakala hamsini kwa akiba ya miezi mitatu, na siku ya pili akapokea furushi ambalo hakuweza kuliamini. Mbingu ilikuwa zambarau iliyofifia, kama shuka iliyofuliwa pamoja na kanga ichujayo rangi. Weusi wa maji ulikuwa haujakauka, na nakala zilikuwa zimegandana, hata alipozibandua, wino wa moja ukaondoka na mgongo wa nyingine. Zile taa, ambazo ndizo zilikuwa roho ya bango, zilikuwa vitone vya tope.

Alinijia akaniuliza, "Mwalimu, nibadilishe programu?" Nikamwambia aniletee faili na nakala moja iliyoharibika, tukaketi navyo.

Kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa nuru, nayo ni nuru tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ziongezwapo huzidi kung'aa, na zikitimia zote pamoja huwa nyeupe. Karatasi haina nuru yake yenyewe. Hupakwa wino, nao katika mashine nyingi ni wa rangi nne: saiani, majenta, manjano na nyeusi, na kila wino uongezwao hupunguza nuru irudiyo machoni. Basi ziko rangi ambazo nuru huziweza na wino hauziwezi, na ya kwanza katika hizo ni buluu ile kali ambayo vijana huipenda mno. Mashine ikiamriwa kuipiga chapa huchanganya saiani na majenta ili iikaribie, na majenta ikizidi kidogo tu buluu hugeuka zambarau. Kwa hiyo binti yule hakuonewa na mashine. Aliahidiwa na kioo jambo ambalo karatasi haikuwa na uwezo wa kulitimiza, wala hakuwapo mtu wa kumwonya.

Na ule weusi uliogandana una habari yake. Weusi wa wino mmoja tu, ukitandazwa mahali papana, huonekana kama majivu. Kwa sababu hiyo wasanifu huutia nguvu kwa wino nyingine. Lakini yeye alikuwa amezijaza zote nne kwa kipimo cha asilimia 100 kila moja, jumla 400, nayo karatasi ya kawaida hulemewa kabla ya hapo. Mafundi wengi hawapendi kuvuka 300 au pungufu. Tulipoupunguza tukaandika saiani 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100, jumla ikawa 240, tukapata weusi wa maji ya usiku ambao hukauka. Nayasema haya kwa hesabu kwa kuwa ndiyo yaliyoniongoza kwenye swali la kwanza ambalo kila mmoja wenu aiulize programu yoyote kabla ya kuipenda: je, unazijua wino nne, au unajua nuru tu?

Photoshop na Illustrator za kampuni ya Adobe huzijua. CorelDRAW huzijua pia, nayo tangu ilipotoka mwaka 1989 imekuwa kipenzi cha mafundi wa kupiga chapa, hata katika matbaa nyingi ndogo nilizopitia Afrika ya Mashariki ndiyo nimeikuta imefunguliwa. Affinity huzijua. Krita, ambayo ni programu huria na haiuzwi kwa bei ya lazima, ina karatasi ya kazi ya wino nne, na ni chombo kizuri kwa wenye mkono wa kuchora. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, hufanya kazi kwa nuru. Yaweza kukuonyesha mfano wa wino utakavyokuwa, ila moyo wake ni wa nuru. Inkscape, iliyozaliwa mwaka 2003, ni hivyo hivyo. Canva hukupa faili ya wino nne endapo umelipia daraja la juu. Nisidhaniwe kwamba nazitia aibu programu za nuru. Mwenye kuzitumia anahitaji mlango wa mwisho, na mlango huo upo: Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, ambayo hupokea picha kutoka huku na herufi kutoka kule, ikazigeuza kuwa wino nne, ikaongeza ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande ili kisu cha fundi kisiache mstari mweupe, kisha ikatoa faili moja ya PDF ambayo kila matbaa huifungua.

Baada ya rangi huja herufi, na hapa naomba subira yenu, kwa maana ni jambo ambalo watu wa pwani ya ziwa hili wanalo haki ya kulishikilia kwa nguvu. Kiswahili na Kiluo vyote viwili vina sauti iandikwayo ng', na kile kijitone cha juu si pambo. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni matamanio ya moyo. Na aliyeondoa kijitone amegeuza jembe kuwa shauku. Kwa Kiluo nyang' ni mamba, na pale ufukweni palipopata sifa kwa samaki wa kukaanga paliitwa Lwang'ni, yaani nzi, nalo ni jina ambalo mwenyeji hulisema kwa mapenzi. Sasa, fonti nyingi za madaha zigawiwazo bure katika intaneti zilichongwa na watu waliohitaji herufi 26 tu na tarakimu. Mtu huandika kwa fonti hiyo jina la filamu yake, na afikapo kwenye kijitone programu huazima alama kutoka fonti nyingine bila kumwambia, au huweka kisanduku kitupu, au huacha pengo kubwa baada ya g, hata neno moja likasomeka kama mawili. Nimewahi kuliona jina la kijiji cha watu limekatwa hivyo katika bango la urefu wa mita mbili, na wazee wa kijiji hicho wamesimama chini yake.

Kwa hiyo programu ifaayo ni ile ikuwezeshayo kuishika herufi moja moja: kuisogeza, kuichonga, kukiunda kijitone kwa mkono endapo fonti haikuletea. Kazi hiyo ni ya programu za vekta, yaani zichorazo kwa mistari ya hesabu badala ya pikseli, na katika hizo Inkscape haina upungufu wowote wa kumfanya mtengenezaji wa filamu aitafute ya kulipia. Ukisha kuridhika na jina, ligeuze kuwa mchoro kabla hujalipeleka, kwa sababu kompyuta ya fundi isipokuwa na fonti yako itaweka ya kwake, na jina ulilolihangaikia wiki nzima litarudi katika vazi la watu wengine.

Naingia sasa katika jambo lililonifanya niukubali mwaliko huu. Photoshop ilipotoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, mtu aliinunua ikawa yake. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake hayatauzwa tena kwa namna hiyo, yatakodishwa kwa ada; na tangu hapo msanifu ni mpangaji. Siilaumu kampuni kwa kuchagua biashara yake. Lakini mtengenezaji wa filamu wa hapa, ambaye mwezi mmoja hupata kazi ya arusi tatu na mwezi wa pili hapati hata moja, na ambaye ada hiyo huhesabiwa kwa dola wala si kwa shilingi, akikosa kulipa mlango hufungwa, na faili zake za miaka zote zimo ndani. Filamu huru haiishi msimu mmoja tu. Leo yaonyeshwa katika ukumbi wa shule. Baada ya miaka minne tamasha la Zanzibar, lile ambalo tangu 1998 limewakusanya watu wa filamu Ngome Kongwe, laweza kuiomba pamoja na bango lake. Na mwenyewe atahitaji kulifungua, kuongeza mstari, kubadilisha tarehe, kulipanua. Bango ambalo mwenyewe hawezi kulifungua ni amana iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Wana wa ukanda huu waliyafahamu haya kabla kompyuta hazijafika. Jaramogi Oginga Odinga na wenziwe waliposajili shirika lao la Luo Thrift and Trading mwaka 1947, miongoni mwa walivyovishughulikia ilikuwa matbaa, Ramogi Press, iliyopiga chapa magazeti ya lugha za Waafrika. Walikuwa na mahitaji mengi siku zile, nao wakaona matbaa ni mojawapo, kwa kuwa mtu anayeomba chombo cha kuchapia hulazimika kuomba na ruhusa ya kusema. Mimi nikiitazama programu huria iliyomo katika kompyuta ya kijana wa Manyatta, ambayo hakuna aliye mbali awezaye kuizima, naona matbaa ile imeshuka bei hadi ikaingia nyumbani kwake. Faili ya Inkscape imeandikwa kwa kanuni iliyo wazi kwa wote, iitwayo SVG. Hata Inkscape yenyewe ikitoweka kesho, kanuni hiyo inajulikana, na programu nyingine zitaisoma.

Wapo watakaonijibu kwamba hapana haja ya kodi wala ya programu huria, kwa sababu Photoshop iliyovunjwa kufuli hupatikana kwa shilingi chache, imo ndani ya flashi, na kila mtu anayo. Nawajibu kwa heshima lakini bila kulegeza neno. Ninyi ni watu ambao filamu zenu hunakiliwa usiku na kuuzwa asubuhi, na mkienda kushitaki mtaitegemea Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Sheria hiyo hailindi filamu peke yake. Hulinda programu vile vile. Mtu hawezi kushika ncha moja ya kamba na kuikata ncha ya pili. Tena flashi hizo huja na virusi, na nimemwona kijana aliyepoteza picha zote za filamu ambayo ilikuwa bado haijahaririwa.

Kuhusu Affinity niseme wazi, kwa kuwa huulizwa sana siku hizi. Programu hiyo ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikaanza kutolewa bila malipo, picha na vekta na upangaji wa kurasa vikiwa mahali pamoja. Kwa mwenye kompyuta ya kutosha ni zawadi kubwa, nami siwezi kumzuia mtu kuipokea. Namwonya jambo moja: kitolewacho bure kwa hiari ya kampuni chaweza kurudishiwa bei kwa hiari hiyo hiyo, basi kila bango ulimalizalo humo litolee pia nakala ya PDF na ya SVG, uzihifadhi mahali pawili.

Wengi wenu hamna kompyuta, najua. Mabango mengi ya mji huu husanifiwa kwa simu, kwa PixelLab na nyinginezo, ndani ya matatu au katika foleni ya hospitali, na baadhi yake yana ustadi ambao wenye mashine za thamani hawanao. Kwenu nina maneno mawili. La kwanza ni kipimo: bango la A3 litakalosomwa kwa karibu lahitaji pikseli 3508 kwa 4961, basi anzeni na karatasi ya ukubwa huo tangu mwanzo, kwa kuwa kilichoanza kidogo hakikuzwi bila kuchafuka; lakini bango la pale stendi ya matatu, litazamwalo kutoka ng'ambo ya barabara, laridhika na msongamano mdogo zaidi wa pikseli. La pili ni usafirishaji: mkimpelekea fundi kwa WhatsApp, lipelekeni kama hati wala si kama picha, maana picha hubanwa njiani na kupoteza zaidi ya nusu ya uhai wake. Mkipata saa moja katika saiba, Photopea hufunguka katika kivinjari chochote bila kuwekwa katika kompyuta, na huzifungua hata faili za Photoshop.

Sheria nayo ina mkono katika bango. Sura ya 222 ya sheria za Kenya imeipa Bodi ya Uainishaji wa Filamu kazi ya kukagua filamu, na mabango pia. Baada ya ukaguzi filamu hupewa daraja lake, GE au PG au 16 au 18, na bango linapaswa kulibeba. Acheni nafasi ya alama hiyo tangu mnapopanga, na faili iwe ya matabaka yasiyounganishwa, ili siku ya kubadilisha isiwe siku ya kuanza upya.

Na zile programu mpya zichorazo zenyewe kwa kuambiwa maneno, niliijaribu moja. Niliiomba mashua ya wavuvi wa Nyanza, ikaniletea jahazi lenye matanga ya bahari ya mbali, na mvuvi amevaa kofia ambayo sijamwona mtu akiivaa Dunga. Mashua zetu ni za mbao zilizounganishwa, zimepakwa rangi ubavuni na kuandikwa jina, na majina hayo pekee yangetosha kuwa bango. Kamera mnayo. Nendeni mkazipige picha.

Nirejee kwa yule binti, maana sijamjibu bado mbele yenu. Hatukubadilisha programu moja kwa nyingine, tuligawa kazi. Mbingu na maji aliviandaa upya ndani ya Krita, katika wino nne, akaishusha buluu mpaka ikawa ile ambayo karatasi huiweza, nayo kwa hakika inafanana zaidi na usiku wa ziwa kuliko ile ya kwanza. Jina la filamu alilichonga katika Inkscape, na kijitone chake akakiunda kwa mkono kwa umbo la mwali wa taa. Vyote akavikusanya katika Scribus. Kisha hakuagiza nakala hamsini. Alimwendea fundi mwingine, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwambia, "Mzee, naomba unipigie vipande vitatu tu, vya upana wa kiganja, kila kimoja na weusi wake." Mzee akamtazama, akacheka kwa furaha, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi walioomba hivyo anawahesabu kwa vidole.

Tulivichukua vipande hivyo hadi Kondele, kwenye ukuta aliokusudia kulibandikia bango lake, ambao jua la alasiri huupiga bila huruma. Na jua letu, jueni, hula majenta na manjano kwanza, ndiyo maana mabango ya zamani hubaki na usamawati wa kinyonge. Akavibandika, tukavuka barabara, tukasimama upande wa pili kati ya muuza mahindi na boda boda waliokuwa wakingoja abiria. Kipande cha kwanza kilikuwa majivu. Cha tatu kilikuwa giza tupu lililozimeza taa. Kijana mmoja wa boda boda akageuka katika kiti chake, akakitazama cha katikati kwa muda, akamwuliza mwenzake, "Si hizo ni taa za omena?" Binti akavuka barabara, akabandua viwili vya pembeni.